Jino Moja Tu, Moshi Mpaka kwa Wakwe

Ndiyo, ni mimi. Yule msichana fundi aliyewapelekea wakwe wa Kajiado moshi kabla ya salamu ni mimi, Nashipai, na sitaki mtu anisaidie kusimulia, kwa sababu Kevo wa rangi (anapiga magari rangi hapa kwa gereji yetu Kitengela, na mdomo wake haupumziki hata akiufunga na kile kitambaa cha vumbi) ameshasimulia mpaka kwa mama wa chapati, na kwa hadithi yake injini ililipuka, kondoo wakaungua na bibi harusi akatorokea kwa shangazi yake. Hakuna kondoo aliungua. Bibi harusi hakutoroka, alikohoa tu. Aibu niliipata, tena ya kunitosha mimi na watoto nitakaozaa, lakini ni yangu, nitaieleza vile ilikuwa, na nikimaliza mtaona kuna kitu kimoja mle ndani ambacho siombi mtu msamaha.

Mimi shule niliachia kidato cha pili, sina vyeti vya kubandika ukutani, lakini niko na ndoto, na ndoto yangu iko na mahali pake: pale Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, kuna kipande kitupu penye mbuzi hulala mchana, na mimi kila nikipita hapo naona gereji yangu imesimama, mabati mapya, na ukutani jina langu kwa rangi nyekundu, NASHIPAI, INJINI NA BREKI (Kevo ameshakataa kuichora, anasema hachori ndoto za watu). Sasa huwezi kuandika injini ukutani na hujawahi kufungua injini. Fundi Wekesa, mdosi wangu, mtu wa kutoka upande wa Bungoma, mpole lakini akisema neno limesemwa, alikuwa amenifundisha panchari, oili, breki, na kushika tochi. Hiyo ya tochi niliijua vizuri sana. Nimeshika tochi juu ya injini nyingi mpaka naota nikishika tochi.

Halafu ikaja pikapu ya Baba Lemayian.

Ni pikapu ya dizeli, ya zamani, ile ambayo mlango wa abiria unafunguliwa na mtu wa nje, na Baba Lemayian alikuwa anaihitaji Jumamosi kubeba vitu vya mahari ya kijana wake, blanketi, sukari, krete za soda, kondoo wawili na akina mama wa kuimba, kutoka Kitengela mpaka kwa wakwe huko mbele kidogo ya Kajiado. Mkanda wake wa taiming ulikuwa umeanza kupasuka-pasuka kama midomo wakati wa kiangazi, na yeye hakutaka ukatike njiani akiwa amevaa suti. Fundi Wekesa akaangalia, akaniangalia, akafuta mikono, akasema, "Hii ni yako. Ikienda Kajiado na kurudi vizuri, Jumatatu unaanza kufungua injini. Ikisumbua, unarudi kwa panchari, na mwaka huu sitaki kusikia injini kutoka kwa mdomo wako."

Niliimba siku nzima. Niliimba mpaka Kevo akaniuliza kama nimeokoka mara ya pili.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona huo mkanda, wacha nieleze haraka. Ni mpira wenye meno upande wa ndani, unazunguka puli tatu: ya chini ndiyo krenki, inayobeba nguvu ya injini, ya juu ndiyo kemshafti, inayofungua na kufunga valvu, na ya pembeni ndiyo ya pampu ya dizeli, inayorusha mafuta. Hizo tatu ni kama kwaya ya kanisa, kuna anayeanzisha, kuna wanaoitikia na kuna anayepiga ngoma, na mmoja akiingia amechelewa hata kidogo, wimbo unaharibika na kila mtu anageuza shingo kutafuta ni nani. Kwa hivyo kila puli iko na alama yake, na kila alama lazima iangaliane na mwenzake kwa injini kabla hujavalisha mkanda. Ukishavalisha na kukaza, unazungusha injini na spana kwa mkono, mizunguko miwili kamili, halafu unaangalia tena alama zote tatu. Zote tatu. Naandika hivyo mara mbili na ninajua kwa nini.

Ijumaa nikaanza. Nikatoa feni, nikatoa mikanda ya nje, nikatoa vifuniko, nikapaka alama zote tatu rangi ya kucha ya pinki ili zionekane (Kevo akauliza kama injini inaenda harusi, nikamwambia ndiyo, inaenda, si umeambiwa). Kila kitu kilikuwa sawa. Krenki imekaa kwa alama, kemshafti imekaa kwa alama, mkanda umeshaingia hapo mbili, imebaki puli ya pampu tu, ambayo iko na tabia mbaya: ukiiweka kwa alama yake na kuiachilia, inarudi nyuma yenyewe kama mtoto aliyekatazwa kusimama. Lazima uishike na mkono mmoja, na mwingine uvalishe mkanda. Nilikuwa nimeishika hivyo, ulimi nje, jasho kwenye nyusi, nilipoona kivuli cha Koko wa maziwa.

Koko wa maziwa ni bibi wa kwetu Kisaju, analeta maziwa ya chai ya gereji, na ana umri wa nyanya yangu. Sasa, kwetu mtu wa umri huo akiingia mahali uko, humsalimii kwa kupunga mkono ukiwa umeangalia kazi. Unaacha, unaenda mbele yake, unainamisha kichwa, anakigusa. Halafu anakueleza habari, na habari kwetu haziishii kwa "nzuri". Zinaanza pale mtu alipoamka, zinapita kwa ng'ombe, kwa majirani, kwa mvua, na wewe unaitikia kidogo-kidogo kuonyesha uko naye. Ukimkatiza, umemwambia maisha yake hayana maana.

"Nakerai, takwenya," Koko akasema, ile salamu yetu ya Kimaasai kwa mtoto wa kike.

"Iko," nikajibu, na macho yakiwa kwake mikono ikavalisha ule mkanda kwa pampu haraka-haraka, nikasikia umeingia, nikaachilia, nikaenda kuinamisha kichwa. Akakigusa. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akaanza habari, na mimi nikarudi kwa injini nikisikiliza.

Habari yenyewe ilikuwa ya punda wake. Punda alikuwa amegongwa na lori pale barabarani, hakuvunjika lakini alikuwa amelala chini hataki kusimama, na Koko alikuwa anakaa naye, anampa maji kwa mkono, na punda anamwangalia. Hapo pa kumwangalia ndipo nilipoisha. Mimi kwa wanyama nina moyo wa ugali moto. (Punda alipona, msihangaike, nimemwona juzi akibeba mitungi na kiburi chake.) Nikawa naitikia, ee Koko, ole wake Koko, huku nakaza ile puli ndogo ya kukaza mkanda, huku nazungusha krenki, mzunguko wa kwanza, wa pili. Nikaangalia alama ya chini: iko. Nikaangalia alama ya juu: iko. Alama ya tatu, ile ya pampu, iko upande wa ndani nyuma ya mpira wa maji, na ili kuiona ni lazima uingize kichwa chote ndani ya boneti, uiname kabisa, na mgongo wako, yaani si mgongo, mnajua ni nini, uangalie nyuma. Na nyuma alikuwa Koko, amefika pale ambapo punda analia.

Niambieni ukweli. Mngeinama? Nimkalishe mwanamke mzee mbele ya makalio yangu akinieleza kilio cha punda wake?

Sikuinama. Nikajiambia hizi mbili ziko, hiyo ya tatu itaenda wapi. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikalia kidogo, nikafuta macho na mkono wa ovaroli nikabaki na mustachi wa grisi, nikafunga vifuniko. Fundi Wekesa alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, na ile miguu ikauliza, "Alama?" Nikasema, "Ziko, fundi." Injini ilichukua muda kushika, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe kidogo, nikasema ni hewa imeingia kwa dizeli wakati tulikuwa tunafungua, itaisha. Kila kitu huwa ni hewa ukiwa na haraka ya kuwa na furaha.

Baba Lemayian alipokuja kuichukua akasema maneno ambayo kila mwenye gari husema hapa kwetu: fundi anapanda. Yaani umetengeneza, basi ukae ndani yake kesho, ikikataa njiani uwe hapo. Nikafurahi hata zaidi. Nikaona ni kama nimealikwa.

Jumamosi nilivaa gauni langu la bluu, nikavaa shanga, nikaweka mfuko wa spana chini ya kiti, nikaketi katikati, Baba Lemayian kwa usukani na Mama Lemayian dirishani. Nyuma, mizigo, kondoo na akina mama wa kuimba. Nyuma yetu gari ndogo ya wazee pamoja na bwana harusi. Asubuhi ilikuwa na baridi, na pikapu ikakataa kuwaka. Ikakataa tena. Ikabidi wazee watoke kwa gari yao, na suti zao na mashuka yao mapya, waisukume, na ilipowaka ikatoa wingu jeupe ambalo liliwafunika wote, kwa dakika nzima hatukujua kama bado tuko nao.

Hapo ningesema kitu. Ningesema, baba, simama, nifungue nione. Lakini nilikuwa tayari nimevaa gauni, na akina mama walikuwa wameanza kuimba.

Kabla ya Kisaju wimbo ulianza kukatika, kwa sababu moshi wa pikapu ukienda polepole haubaki nyuma, unageuka unarudi kwa walioketi huko. Unasikia mstari mmoja, kisha kikohozi, kisha nusu mstari. Tulipita kwa kile kipande changu cha gereji na sikukiangalia, niliona haya kama kwamba kingeniona. Pikapu haikuwa na nguvu kabisa. Tuktuk ikatupita. Pikipiki iliyobeba godoro ikatupita, na mwenye godoro akageuka kutuangalia kwa huruma. Baada ya Isinya, kwa ule mpando mdogo ambao hata si mpando, mbuzi waliokuwa wanatembea kando ya barabara walitupita, na mchungaji wao akatusalimia, tukamsalimia, kukawa na wakati wa kutosha wa kuulizana habari za mvua.

"Nashipai mwanangu," Baba Lemayian akasema, polepole, macho mbele, "hii gari juzi ilikuwa mzee. Lakini ilikuwa inapanda."

"Itakuwa sawa ikipata moto, baba."

"Ikipata moto ama ikishika moto?" Mama Lemayian akauliza, akafungua dirisha, moshi ukaingia, akafunga.

Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshajua. Nilikaa hapo katikati, gia inanigonga goti, nikisikiliza ile injini, na nikamsikia yule mmoja wa kwaya anayeingia amechelewa. Nguvu hakuna, moshi mweupe, unaochoma macho, harufu ya dizeli mbichi ambayo haijaungua. Pampu. Pampu inarusha mafuta ikiwa imechelewa. Nikaona wazi kabisa, kama kwa picha, ile puli ikirudi nyuma jino moja tu wakati macho yangu yalikuwa kwa Koko, na nikaona ile alama ya pinki nyuma ya mpira wa maji, imekaa pembeni ya mwenzake, inaningoja niiname.

Boma la wakwe liko juu kidogo, na upepo siku hiyo ulikuwa unatoka nyuma yetu. Mnaelewa. Wao walikuwa wamepanga hema, wazee wameketi mstari wa mbele, mashangazi wa bibi harusi wamesimama langoni na wimbo wa kutupokea, na bibi harusi mwenyewe mlangoni mwa nyumba na mataji ya shanga. Moshi ulifika kwanza. Ulipita langoni, ukapita kwa mashangazi wimbo ukakatika katikati, ukaingia ndani ya hema kama mgeni rasmi, na sisi tukafuata nyuma yake, tuf, tuf, tuf. Kijana mmoja wa pale, Mungu ambariki, akaona ni moto, akaja mbio na ndoo akamwaga maji yote juu ya boneti, mvuke ukaongezeka juu ya moshi. Akina mama wakaruka chini. Kondoo mmoja akaruka nao, akaenda moja kwa moja jikoni, mahali ambapo kondoo mwenye akili hangeenda siku kama hiyo.

Halafu mzee mmoja wao, msemaji wa upande wa bibi harusi, akatoa kitambaa, akafuta macho, akasema, "Tulijua mnakuja. Hamkuwa na haja ya kutuma ishara."

Walicheka, hema zima, na sisi tukacheka kwa sababu ukiwa mgeni huna la kufanya. Wakauliza ni fundi gani ameifanya gari hivi. Baba Lemayian akanielekezea midomo. Ule mstari wote wa wazee ukageuka. Na hapo ndipo mjomba wa bibi harusi, mwenye kofia kubwa na lori lake mwenyewe (alilitaja mara kadhaa siku hiyo), akasema kwa sauti ya kila mtu, "Huyu msichana? Sasa mnaona. Injini si sufuria."

Aibu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini aliponiambia hivyo iligeuka kitu kingine. Nilikuwa nimesimama hapo na gauni la bluu na uso wa moshi, na nikajisikia nikisema, mbele ya watu ambao nilipaswa kuwa nimewainamia kichwa, "Nimekosea, mjomba. Lakini sikukosea kwa sababu mimi ni msichana. Nilikosea kwa sababu sikuinama kuangalia alama ya tatu. Hata wewe usipoinama utakosea."

Mama Lemayian alinivuta mkono. Sherehe ikaendelea, wakaingia hemani, na mimi nikabaki na pikapu.

Nikampigia Fundi Wekesa. Sikumzungusha. Nikamwambia, fundi, nadhani pampu imechelewa jino moja, sikuiangalia. "Usiguse," akasema. "Nakuja. Usiguse chochote mpaka nifike."

Nikakaa juu ya krete ya soda nikafikiri. Alikuwa na haki. Ukikosea zaidi hapo, valvu na pistoni zinagongana, na injini ya mtu imekwisha siku ya mahari ya mtoto wake. Lakini pia nilijua kitu kingine: akifika yeye, akafungua yeye, akarekebisha yeye, basi mimi nitakuwa yule msichana aliyeharibu na mwanaume akaja kutengeneza, na hiyo haitatoka kichwani mwa mtu yeyote pale, hata kichwani mwangu. Kosa lilikuwa la mkono wangu. Nilitaka litolewe na mkono wangu. Nikaomba leso jikoni, nikajifunga juu ya gauni, nikangoja injini ipoe, nikafungua boneti.

Nikatoa kifuniko cha juu. Nikaleta krenki kwa alama, kemshafti kwa alama. Halafu nikainama. Nikaingiza kichwa chote, nikawageuzia ukoo mzima wa wakwe kile nilichokataa kumgeuzia Koko, na nikaiona: jino moja. Moja tu, nyuma. Nikalegeza, nikauchomoa mkanda kwa pampu, nikaishika ile puli mahali pake, na nikiwa hapo hapo, ulimi nje, nikasikia nyuma yangu, "Nakerai, takwenya."

Walikuwa bibi watatu wa pale, walikuwa wamekuja kumsalimia mgeni ambaye hakuingia hemani.

Nawaapia nilitaka kucheka na kulia pamoja. Na nikajua mjomba mwenye kofia ananiangalia kutoka hemani, na akina mama wa kuimba wananiangalia, wanangoja waone nitachagua nini, injini ama heshima. Nikaachilia puli, ikarudi nyuma na tabia yake. Nikatoa mkanda wote hapo juu nikauning'iniza, nikaweka spana chini, nikafuta mikono, nikaenda mbele ya hao bibi, nikainamisha kichwa kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tatu, nikaitikia, na nikasikiliza habari mpaka zikaisha, na zilikuwa ndefu, kulikuwa na ng'ombe aliyepotea. Nilisikia mtu hemani akisema fundi ameacha gari wazi anapiga domo. Sikugeuka. Waliponiambia mwana endelea na kazi, ndipo nikarudi, na sikuendelea pale nilipoachia. Nilianza mwanzo. Krenki. Kemshafti. Pampu, nikiishika na mkono mpaka mkanda ukaingia macho yangu yakiwa hapo hapo. Nikakaza. Nikazungusha mara mbili. Nikaangalia ya chini, nikaangalia ya juu, nikainama tena nikaangalia ya tatu, na zote zilikuwa zinaangaliana kama watu walioelewana.

Nikafunga, nikawasha. Iliwaka mara moja. Moshi hakuna. Mlio wake ukawa mmoja, wa chini, mtulivu, na nilitamani sana mtu aulize chochote lakini walikuwa wanakula, hakuna aliyegeuka, isipokuwa yule kijana wa ndoo, ambaye alikuja na ndoo nyingine akaona hakuna kazi.

Fundi Wekesa alifika amebebwa na Kevo kwa pikipiki, wote wawili wekundu kwa vumbi (kwa hivyo yale mambo ya kulipuka Kevo hakuyaona, alikuja kukiwa kumeisha, akapewa nyama tu). Fundi hakunisalimia. Alizima injini, akafungua kifuniko, akaniambia nizungushe na spana, nikazungusha, akaangalia alama ya kwanza, ya pili, akainama akaangalia ya tatu, akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nilisema usiguse."

"Ndiyo, fundi. Nimegusa."

"Na kama ungeipiga valvu?"

"Ningekuambia, fundi. Kama vile nimekuambia ya jino."

Akaitwa nyama, akaenda. Tulirudi Kitengela jioni bila moshi, akina mama wakiimba wimbo wote mpaka mwisho wake, na ule mpando wa Isinya tuliupanda kama hatujauona.

Jumatatu nilipofika gereji nilikuta beseni la maji ya panchari limewekwa mahali pangu, na kiti changu kidogo kando yake. Alisema neno, na neno lake huwa limesemwa. Nilisimama nikaliangalia hilo beseni. Halafu nikamfuata kwa lile lori la mtu, nikaongea na miguu yake.

"Fundi, ulisema ikisumbua narudi kwa panchari. Imesumbua, na nitaziba panchari, sijakataa. Lakini iliyosumbua nimeitengeneza mimi. Hiyo nayo uihesabu."

Kevo akaacha kupiga rangi, akashusha kitambaa ili asikie vizuri. Mwishowe sauti ikatoka chini ya lori, imechoka: asubuhi panchari, mchana injini, na hakuna mkanda wowote nitakaouwasha kabla yeye hajaona alama kwa macho yake. Nikasema sawa. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na mdomo ulikuwa wazi, nikamwambia pia kwamba mtu mzee akiingia sitakaa nimempa mgongo, asinikute kesho nikisalimia aniambie niharakishe. Akasema, "Nani amekuuliza hiyo?" Nikasema hakuna, nimesema tu ijulikane.

Basi ndiyo hivyo. Sasa ninafungua injini, mchana, na nimeapa kitu kimoja, na sikuapa kwa ajili ya mjomba mwenye kofia wala kwa ajili ya Kevo: sitafunga kifuniko tena hata siku moja kabla sijainama, awe nyuma yangu Koko, awe pasta, awe mkwe wa nani. Kuinama nitainama. Lakini kumsalimia Koko siku ile sijutii hata kidogo, na mtu akiniambia kosa lilikuwa salamu namwambia hajui injini na hajui watu. Kosa lilikuwa kufanya zote mbili nusu. Kwa hivyo ukipita gereji yetu ukinikuta nimeshika mkanda, usiniogope, nisalimie; nitauchomoa, nitauweka juu ya gunia, tutaelezana habari mpaka ziishe zote, halafu nitaanza upya kutoka alama ya kwanza, na mwenye gari atangoja.